Parokia haina paa

Juzi nimesikia tena msomaji wa habari akisema kwamba parokia ya kijiji kimoja cha Uingereza, iliyojengwa karne ya 12, inavuja paa. Parokia haina paa. Linalovuja ni kanisa la parokia. Parokia yenyewe ni eneo lenye mipaka, pamoja na watu wanaoishi humo, lililokabidhiwa kasisi. Walutheri wetu huiita usharika.

Ukilijua neno lilikotoka, hutalichanganya tena na jengo. Kwa Kigiriki, para ni kando na oikos ni nyumba. Paroikos ni mgeni anayekaa kando ya wenyeji bila haki zao. Katika Waefeso 2:19 tunasoma, "ninyi si wageni wala wapitaji". Hao wapitaji kwa Kigiriki ndio paroikoi. Wakristo wa mwanzo walijiona wapitaji duniani, na jumuiya yao ikaitwa paroikia. Kilatini kikalichukua, Kifaransa kikalipokea, kisha likavuka bahari hadi Uingereza.

Huko likageuka. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Sheria ya mwaka 1601 ikaibebesha kila parokia maskini wake, walishwe kwa kodi ya wakazi wenye mali. Mwaka 1662 ikaongezwa nyingine: fukara aliyehamia angeweza kurudishwa parokia yake, asije akawa mzigo kwa wengine. Neno lililomtaja mgeni sasa lilitumika kumfukuza, na kila nikilifikiria hilo huona uchungu. Ndiyo maana mipaka ilijulikana jiwe kwa jiwe. Karibu na sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, wanakijiji waliizunguka wakiyapiga mawe ya mpaka kwa fimbo, watoto wakiwemo, ili kumbukumbu isife na wazee.

Kijiji cha Eyam, Derbyshire, huko Uingereza, kinanitosha kuonyesha tofauti ya jengo na parokia. Tauni iliingia humo mwaka 1665. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwasihi watu wasitoke kijijini wasije wakaisambaza. Kanisa likafungwa, ibada zikahamia bondeni, familia zikisimama mbalimbali. Wafu walizikwa bustanini na mashambani. Mpakani liko jiwe lenye matundu. Humo watu wa Eyam waliweka sarafu ndani ya siki, iliyodhaniwa kuondoa tauni, na watu wa vijiji jirani wakaacha chakula na kuzichukua. Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa, na parokia ilikuwa hai kuliko wakati wowote, ikimzika hata Catherine, mke wa kasisi, Agosti 1666.

Kosa la pili, la kudhani baraza la parokia la Uingereza ni la kanisa, linanikera zaidi, kwa kuwa hupotosha habari nzima. Zamani mambo ya kijiji cha Kiingereza yaliamuliwa na mkutano wa parokia, ambao mara nyingi ulikaa kanisani. Sheria ya mwaka 1894 ikatenganisha: ya dini yakabaki kwa kanisa, ya kiraia yakapewa baraza la kuchaguliwa. Jina, hata hivyo, halikubadilishwa. Baraza hilo hushughulikia viwanja vya michezo, vibanda vya kusubiria basi, bustani za kukodisha, na wajumbe wake si lazima wawe waumini. Mfasiri anapoandika "baraza la parokia limekataa ombi la wakazi", msomaji wa Moshi au Machakos anawaona mapadri na wazee wa kanisa mezani. Hawapo.

Basi, ndugu zangu watafsiri: jengo liandikeni kanisa la parokia. Baraza lile la kiraia liiteni baraza la kijiji, na msomaji wa Moshi atajua mara moja nani kakataa ombi.