Acheni kumtafuta mchafu: kunguni wa hosteli wanavyoingia kweli

Wiki iliyopita wadeni mmoja, msimamizi wa bweni, alinipigia saa mbili usiku. Hakuniuliza bei wala siku ya kuja. "Fundi, njoo ukague chumba kimoja, uniandikie kwa barua kunguni wanatoka kitanda cha nani. Kuna binti wenzake wamegoma kulala naye." Nikamwambia, "Mama, mimi napuliza dawa, sipigi ramli."

Napuliza dawa mwaka wa kumi na nne sasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mabweni ya wanafunzi hapa Dar. Kila semesta inapoanza nakuta kesi ile ile: chumbani kuna mchafu, atajwe, ahamishwe. Safari hii aliyetajwa ni binti wa mwaka wa kwanza aliyekuja na tranka la bati na godoro la mkononi. Wenzake walishamtolea vitu vyake koridoni.

Kunguni hali uchafu. Makombo ni ya mende, jalala ni la nzi na panya. Kunguni chakula chake ni damu tu, na kinachomleta kwako ni joto la mwili na pumzi unayotoa ukiwa umelala. Shuka likiwa limefuliwa jana au halijafuliwa tangu bumu (pesa ya mkopo wa chuo) la kwanza, kwake ni shuka tu. Nimewakuta kwenye chumba kinachonukia dawa ya sakafu, viatu vimepangwa kwa mstari, na nimekagua vyumba ambavyo hata mimi nilisita kuingia nisimwone hata mmoja.

Hakikisha kwanza ni kunguni. Anayeruka ni kiroboto. Anayekaa kwenye sakafu ya udongo na kuleta homa ni papasi. Kunguni haruki, hana mabawa, anatembea kwa miguu yake sita, na haijathibitishwa kwamba anaambukiza watu ugonjwa katika maisha ya kawaida. Anachokuachia ni mikuno, usingizi wa mang'amung'amu na aibu, na kwa ninavyoona aibu ndiyo inayoumiza watu zaidi.

Anaingiaje? Kwa mzigo. Begi lililokaa kwenye buti la basi usiku kucha limebanana na mabegi ya watu thelathini. Godoro ambalo kaka wa mwaka wa tatu anamuuzia mdogo wake wa mwaka wa kwanza kwa bei ya kutupa (jiulize kwa nini ya kutupa). Na kubebana, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeliandika. Vitanda ni vinne, majina kwenye orodha ni manne, wanaolala ni saba. Aliyekosa chumba anabebwa na rafiki yake, wanalala mzungu wa nne kwenye godoro la futi tatu, kesho anahamia kwa mwingine na begi lake. Silaumu. Nimeona watoto wa watu wakimaliza shahada kwa sababu tu kuna mwenzao aliyekubali kulala amejikunja miaka mitatu. Ila begi linalozunguka vyumba vitano kwa mwezi ni basi la kunguni, na wanaohojiwa huwa ni wale wanne wa kwenye orodha.

Hesabu yake ni fupi. Jike mmoja aliyeshapandwa anatosha. Anataga mayai machache kila siku, kila yai refu kama milimita moja, jeupe, limegandishwa kwenye ufa. Kwa joto letu yanaanguliwa baada ya wiki moja hivi. Kinda anajivua ngozi mara tano, na kila mara lazima anywe damu kwanza. Chini ya miezi miwili naye ni mzazi. Kwa hiyo mnapoanza kugombana wiki ya tisa, aliyeleta alileta wiki ya kwanza, na huenda alikuwa mgeni wa siku mbili.

Sasa hili la "kitanda chenye wengi ndicho chanzo", ambalo limenifanya niandike. Kitanda chenye wengi ni kitanda kinacholaliwa. Basi. Chukua dabo deka mbili, vile vitanda vya juu na chini. Wa juu kushoto anasoma maktaba mpaka alfajiri, wa juu kulia anaenda kwa shangazi yake kila Ijumaa, wa chini kushoto ana chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Yule wa chini kulia analala hapo kila usiku saa nne kamili, chandarua hana, na kitanda kimegusa ukuta. Unategemea kunguni waende wapi? Wanahamia mezani. Nikifunua godoro lake nitakuta kila kitu: vitone vyeusi kama vya kalamu inayovuja, magamba, mayai, familia nzima. Wenzake watasema, "Si tulisema!" Mmesema nini? Mmethibitisha kwamba analala kwake.

Halafu kuna ngozi. Wapo watu wanaoumwa usiku kucha na asubuhi hawana hata kipele. Hao ndio mashahidi wakuu wa upande wa mashtaka: "Kwangu hawapo, fundi, mimi ni msafi." Miaka mitatu iliyopita, kwenye hosteli moja binafsi, nilivua vile vizibo vya plastiki kwenye ncha za mabomba ya kitanda cha shahidi wa aina hiyo. Walimwagika kama ulezi. Alikaa chini koridoni. Yule aliyekuwa akijikuna na kushitakiwa, kitandani kwake nilihesabu sita.

Kwa hiyo siandiki barua ya chanzo. Dabo deka za chuma zimeungana kwa bomba, ukuta una mashimo ya misumari, fremu ya mlango ina nyufa. Chumba ni kimoja kwa kunguni hata kama nyie mmekigawa kwa chaki.

Nisidanganye pia upande wa pili, maana wenzangu wa kazi wanapenda kusema usafi hauhusiani kabisa. Unahusiana kidogo. Maboksi, madaftari ya tangu kidato cha tano, nguo zilizorundikwa chini ya kitanda, yote hayo ni maficho, na dawa yangu haifiki huko. Anayeinua godoro kila Jumamosi atamwona wa kwanza kabla hajawa mia. Usafi unakuwahisha kugundua, ila mlangoni haumzuii mtu.

Mameneja nao. Kila mwaka mnaniita likizo ndefu, vyumba vikiwa vitupu, kwa sababu ni rahisi. Kwangu ndiyo kazi mbovu kuliko zote. Dawa ninayopaka kwenye chaga na kutani inategemea kunguni atoke aikanyage. Chumbani hakuna mtu, atoke aende wapi? Anakaa kwenye ufa wake akisubiri, na anaweza kusubiri kwa miezi. Mnafungua chuo, mnasema fundi katuibia. Niiteni wiki ya tatu watu wakiwepo, na tena baada ya siku kumi na nne, maana mayai hayajali dawa nyingi. Mnalipia awamu moja na kutaka matokeo ya mbili.

Hata awamu mbili hazinipi uhakika niliokuwa nao zamani. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo kutoka Tanzania hii hii: kwenye vijiji vilivyokuwa vikitumia vyandarua vyenye dawa, kunguni wa tropiki, Cimex hemipterus, walikuwa wameshakuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi. Jamii hiyo ndiyo iliyojaa madukani. Ndiyo iliyomo pia kwenye makopo mengi ya yule kijana wa spika mtaani, "dawa ya mende, kunguni, viroboto". Nikimpulizia kunguni akapinduka miguu juu, kesho yake nikamkuta anatembea, najua kilichotokea. Siku hizi najikuta naamini zaidi birika la maji yanayochemka kuliko bomba langu la mgongoni: kitanda nje, vizibo vitoke, maji yaingie kwenye kila kiungo. Chumba kikipona huwa sijui nimshukuru nani, dawa au birika. Risiti naandika dawa.

Godoro juani? Joto la kuwaua pamoja na mayai ni nyuzi 50 hivi, na lazima lifike ndani. Sponji halipitishi joto. Unalianika saa nne, unaligeuza saa nane, kunguni naye anageuka. Nguo na shuka ndani ya nailoni nyeusi iliyofungwa, juu ya zege la moto, hapo angalau kuna maana. Mafuta ya taa yatawachoma nyie kabla yake. Na vidonge vya kuhifadhia mahindi msiviingize chumbani kwa hali yoyote. Gesi yake inaua watu wakiwa usingizini, pamoja na wa chumba cha pili.

Kwa wadeni niliandika mistari miwili: chumba kizima kina kunguni, na vyumba viwili vya kila upande vikaguliwe. Binti amerudishiwa kitanda chake. Jumamosi ijayo narudi kwa awamu ya pili. Nimewaomba wavute vitanda vyote mkono mmoja kutoka ukutani na wasidekie kwenye pembe nilizopuliza. Najua nitakuta vimebanana na ukuta na sakafu inang'aa.