Tundu la XLR Halikuhakikishii Sauti Bora

Nyuma ya amplifaya nyingi za nyumbani kuna matundu madogo ya RCA ya kuchomeka kebo za sauti, na kwenye zile za bei ya juu kuna pia matundu makubwa ya XLR yenye pini tatu, yanayotumika kwa muunganisho uitwao balansi. Mwenye XLR hujihesabu amefika, na aliyebaki na RCA hujiona amepunjwa. Mara nyingi hajapunjwa chochote.

Dhana: Muunganisho wa balansi una sauti tamu zaidi

Balansi haikubuniwa kuipamba sauti. Asili yake ni nyaya za simu, zilizopita masafa marefu kando ya nyaya za umeme na bado zikatakiwa kufikisha maneno bila mvumo. Ndani ya kebo kuna nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, zenye ukinzani sawa kuelekea ardhi. Kelele ya umeme ikiingia, huziingia zote mbili kwa kiasi kilekile. Kifaa kinachopokea husoma tofauti iliyopo kati ya nyaya hizo: kinachofanana hujifuta, sauti ikabaki. Hakuna kinachoongezwa. Kama kebo yako ina urefu wa mita moja na vifaa vyote viko kwenye kabati moja, huenda hakuna kelele ya kufuta hata kidogo.

Basi mbona watu huapa kwamba wamesikia tofauti? Kwa sababu ipo, ila si ile wanayoidhania. Vifaa vingi hutoa volti 2 kwenye RCA na volti 4 kwenye XLR, yaani desibeli 6 zaidi. Sikio hupenda kilicho juu na kukiita bora. Anayetaka kulinganisha kwa haki apige toni moja, apime volti kwenye vituo vya spika kwa mita, asawazishe volti hizo kwa njia zote mbili, ndipo asikilize.

Dhana: Lazima nyaya mbili zibebe sauti zilizo kinyume, la sivyo ni balansi bandia

Hapa hata mafundi wazuri huteleza. Kinachofuta kelele ni usawa wa ukinzani wa nyaya zile mbili. Kwenye XLR nyaya hizo hufika pini ya 2 na ya 3. Pini ya 2 inaweza kubeba sauti yote na pini ya 3 isibebe chochote, mradi ya 3 iwe na rezista inayoifikisha ardhini kwa ukinzani uleule wa pini ya 2. Kelele itafutwa vilevile. Na kinyume chake pia ni kweli: ukipeleka sauti mbili zilizopinduka barabara kwenye nyaya zenye ukinzani usiolingana, kelele itapenya. Kwa hiyo anayekidharau kifaa kwa sababu ya pini moja isiyo na sauti anapima kitu kisichohusika.

Wengine hudai amplifaya iwe na saketi mbilimbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Si lazima. Kelele iliyookotwa na kebo ikishafutwa kwenye hatua ya kupokea, sauti inaweza kuendelea kwa njia ya kawaida bila hasara yoyote.

Dhana: Kuna mvumo, basi hamia XLR na utakwisha

Vifaa viwili vilivyounganishwa na ardhi kupitia soketi za ukutani hupitishiana mkondo mdogo wa umeme kwenye wavu wa kebo, yaani ule wa chuma unaozizingira nyaya. Kwa RCA, wavu huohuo ndio njia ya sauti kurudi, kwa hiyo volti ndogo inayozaliwa juu yake hujumlishwa kwenye muziki: mvumo wa hezi 50 au 60, kutegemea umeme wa nchi. XLR hutenganisha njia hizo mbili, na hapo ndipo faida yake halisi ilipo. Lakini mwaka 1995 mhandisi wa sauti Neil Muncy alieleza kasoro iliyozagaa hata kwenye vifaa vya studio: pini ya 1, ile ya wavu, kufungwa kwenye bodi ya saketi badala ya boksi la chuma, mkondo wa wavu ukaingizwa ndani kabisa. Kifaa cha namna hiyo kitavuma hata ukikipa kebo ya thamani gani.

Kabla ya kununua chochote, chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja. Mvumo ukibaki, weka transfoma ya sauti kati ya vifaa hivyo. Usikate waya wa ardhi wa plagi. Mvumo utaondoka, lakini siku boksi likishika umeme utakayeligusa ni wewe.

Dhana: Adapta ya RCA kwenda XLR inakupa balansi

Haikupi. Huunganisha pini ya 3 na ya 1, basi.

Dhana: Hedifoni za balansi zinafuta kelele

Jina limeazimwa tu. Hedifoni haina kifaa cha kusoma tofauti na kufuta. Kinachofanyika ni kila sikio kusukumwa na amplifaya mbili zinazokwenda kinyume, volti zikawa maradufu. Nguvu inaweza kufika mara nne iwapo mkondo unatosha. Pia njia ya kurudi ya kushoto na ya kulia haichangiwi tena, kwa hiyo kuvujiana kwa sauti za pande mbili hupungua. Kwa hedifoni nzito kuziendesha ni msaada. Kwa zile ambazo tayari zinatoa sauti kubwa kwenye simu ya mkononi, utakuwa umenunua plagi tu, ile ya milimita 4.4 ya hedifoni za balansi.

XLR ninaipendekeza bila kusita kwa spika zenye amplifaya ndani: kila moja ina plagi yake ya umeme, na kebo hukatiza chumba kizima.