Je, wajua kwa nini Rodriguez hakujua kwamba ni nyota Afrika Kusini?

Sixto Rodriguez wa Detroit alitoa albamu mbili za roki, nyimbo nyingi akizitunga mwenyewe: Cold Fact mwaka 1970 na Coming from Reality mwaka 1971. Zote zilidoda Marekani. Kampuni yake ikamwacha, naye akarudi kwenye kazi za sulubu, kubomoa na kukarabati nyumba. Wakati huohuo Afrika Kusini vijana wa Kizungu walikuwa wakiziimba nyimbo zake kwa ghibu, na yeye hakupata habari hiyo hadi mwaka 1997. Iliwezekanaje?

Nilikuwa na jibu langu, na nimelisimulia kwa watu wengi. Nililitoa kwenye filamu ya Searching for Sugar Man, iliyoshinda Oscar mwaka 2013: kwamba mtu huyu alisahauliwa na dunia nzima, hakupanda tena jukwaani, hadi mashabiki wawili wa Afrika Kusini, Stephen Segerman na Craig Bartholomew Strydom, walipomtafuta na kumkuta hai. Ni simulizi tamu, na sehemu kubwa ni kweli. Ila kuna kipande kimeachwa nje, na kipande hicho ndicho kinachobadilisha swali lenyewe.

Kipande hicho ni Australia. Katikati ya miaka ya 1970 santuri zake zilianza kutafutwa huko, na kampuni ndogo ya Blue Goose ikatoa mkusanyiko wa nyimbo zake mwaka 1977. Mwaka 1979 waandaaji wa maonyesho walimtafuta Detroit, wakampata, wakampeleka kuimba. Alirudi tena mwaka 1981 na kupanda jukwaa pamoja na bendi ya huko, Midnight Oil. Mwaka huohuo ikatoka santuri ya maonyesho yake ya Australia, na jina lake ni Alive, yaani "Yu Hai". Nilipolisoma jina hilo nilikaa kimya kwa muda. Afrika Kusini watu walikuwa wakisimuliana kwamba Rodriguez amejiua mbele ya watazamaji, wengine wakisema kwa bastola, wengine kwa moto, na waliendelea kuamini hivyo kwa miaka mingine zaidi ya 15, wakati santuri ya kukanusha tayari ilikuwa imechapishwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Kwa hiyo hakuwa amepotea. Anwani yake ilikuwapo, na aliyeitaka aliipata. Swali sahihi ni kwa nini habari ilimfikia kutoka nchi moja na isimfikie kutoka nyingine.

Msanii hujuaje kwamba anapendwa nchi ya mbali? Mara nyingi hujua kwa njia mbili tu: anaitwa kuimba, au analetewa hesabu ya mauzo. Njia ya kwanza ilikuwa imebanwa. Tangu mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeyataka mataifa yakate uhusiano wa kitamaduni na utawala wa ubaguzi wa rangi, na wasanii wengi hawakwenda. Nchi yenyewe ilijifungia pia: televisheni ilianza mwaka 1976 tu, na redio ya serikali ilizuia nyimbo zisizotakiwa, hata kwa kuikwaruza santuri ya maktaba kwa kitu chenye ncha ili wimbo fulani usichezeke. Nyimbo za Rodriguez zilisambaa kwa kanda, kutoka rafiki kwa rafiki na ndani ya kambi za jeshi. Kanda iliyonakiliwa haiandikwi kwenye daftari la mtu yeyote.

Njia ya pili ni ile ya hesabu, na hapo inafaa tutazame shamba la minazi. Mwenye shamba anaishi mbali na amemkabidhi msimamizi. Msimamizi anamkodisha mtu mazao ya msimu. Huyo anauza nazi kwa mchuuzi, na mchuuzi anavusha mzigo ng'ambo. Anayekuna nazi kule hamjui mwenye mnazi. Mchuuzi naye hamjui, anamjua aliyemuuzia. Katika mnyororo wote ni msimamizi peke yake mwenye jina na anwani ya mwenye mali. Kila mmoja anaweza kulipa anachodaiwa na bado mwenye shamba asipate hata salamu, ikiwa msimamizi amefunga milango.

Msimamizi wa Rodriguez alikuwa Sussex, ile kampuni iliyotoa albamu zake, nayo ilifungwa mwaka 1975. Santuri ziliendelea kutengenezwa Afrika Kusini kwa leseni: mwaka 1976 albamu yake ya pili ilitolewa huko kwa jina jipya, After the Fact. Katika filamu, watu wa kampuni za huko wanasema mirabaha ilitumwa Marekani; Rodriguez alisema hakupokea. Idadi ya nusu milioni ya nakala inayotajwa kuwa iliuzwa Afrika Kusini ni makadirio, kwa hiyo tusiikazie sana, na ugomvi wa haki za nyimbo ulifika mahakamani Michigan mwaka 2014. Binafsi naona pigo kubwa zaidi ya fedha lilikuwa kukosa ile karatasi ya hesabu. Karatasi moja yenye neno "Johannesburg" ingemwambia kila kitu.

Majina nayo yalichangia. Kwenye Cold Fact mtunzi ameandikwa mara Jesus Rodriguez, mara Sixth Prince. Shabiki aliyetaka kumtafuta Sixto hakujua hata amtafute nani. Kilichomsaidia Strydom ni mstari mmoja wa wimbo unaotaja Dearborn, mji ulio ubavuni mwa Detroit. Kwa njia hiyo alimfikia mtayarishaji Mike Theodore, akaambiwa Rodriguez yu hai. Naye Eva, binti wa Rodriguez, aliona kwenye intaneti ukurasa wa mashabiki wanaomtafuta baba yake, akawajibu.

Machi 1998 aliimba maonyesho 6 Afrika Kusini, la kwanza Bellville, Cape Town, mbele ya maelfu. Kisha akarudi Detroit, kwenye nyumba aliyoinunua mnadani kwa dola 50 mwaka 1976, na kwenye kazi yake ya ujenzi. Alifariki Agosti 8, 2023, akiwa na miaka 81.