Bayosafaktanti: kisafishio kinachotengenezwa na bakteria kwa masalia ya mafuta ya kula

Anayetengeneza sabuni ya maji pale Mbeya akienda dukani kununua salfoniki na slesi, ananunua safaktanti. Molekuli ya safaktanti ina pande mbili: mmoja hupenda maji, mwingine hupenda mafuta. Unapoosha sufuria, upande wa pili hushika mafuta, wa kwanza huyavuta, na uchafu huondoka na maji. Salfoniki hutokana na mafuta ya petroli. Bayosafaktanti hufanya kazi hiyohiyo, ila hutengenezwa na kiumbe hai, bakteria au hamira, na chakula chake kinaweza kuwa mafuta ya kula yaliyochoka.

Masalia hayo huku Nyanda za Juu Kusini yapo. Iringa, Mbeya, Njombe: penye mashine ya kukamulia alizeti hubaki mashapo mazito chini ya pipa. (Mashudu nayaacha kando, wafugaji wanayahitaji.) Ongeza mafuta meusi ya mabanda ya chipsi. Yakimwagwa mtaroni hufika mtoni, yakatanda juu ya maji na kuzuia hewa. Inaniuma kuona mali ikiharibu mito yetu.

Wapo watakaodhani nazungumzia sabuni inayopikwa kwa mafuta machakavu na kostiki soda. Hapana. Kostiki huyavunja mafuta kwa ukali wake na kuyageuza sabuni. Bakteria anayala. Hutoa kimeng'enya kiitwacho lipesi, kinachoyakata kuwa asidi za mafuta na gliserini, kisha hivyo anavitumia kupata nguvu na kujenga mwili. Nitrojeni ikimwishia huku mafuta yakiwa bado tele, hawezi tena kuzaliana kwa kasi, na kaboni ya mafuta iliyozidi huielekeza kwenye bayosafaktanti. Ndiyo maana wataalamu humnyima nitrojeni kwa makusudi. Naye hafanyi kazi hiyo bure: bayosafaktanti huyatawanya mafuta kuwa matone madogo mno, akaweza kuyafikia ndani ya maji.

Inayojulikana zaidi ni ramnolipidi, iliyoelezwa mwaka 1949 kutoka kwa bakteria Pseudomonas aeruginosa. Mvutano wa uso wa maji safi, yaani nguvu inayoushika uso huo kama ngozi, ni kama milinyutoni 72 kwa mita. Ramnolipidi kidogo tu huushusha hadi karibu 30. Bacillus subtilis hutoa safaktini, na zipo hamira zinazotoa soforolipidi.

Kuitambua si kazi ngumu. Maabara huweka maji kwenye sahani pana, hutandaza juu yake utando mwembamba wa mafuta, kisha hudondosha katikati tone la maji walimokuzwa bakteria. Kama bayosafaktanti ipo, mafuta hukimbilia pembeni na kuacha duara safi. Ikiwa nyingi, duara hupanuka zaidi.

Lakini si kazi ya ndoo ya uani. Pseudomonas aeruginosa huambukiza vidonda na mapafu, hasa kwa wenye kinga dhaifu, na kwa sababu hiyo watafiti wamehamishia vinasaba husika kwa Pseudomonas putida, ambaye ni salama zaidi. Bakteria hawa wanataka joto la nyuzi 30 hivi au zaidi. Baridi ya Njombe mwezi wa saba ingelazimisha pipa lipashwe joto usiku kucha. Tena wanahitaji hewa, na ukipuliza hewa kwenye maji yenye safaktanti, povu hupanda hadi kufurika.

Gharama kubwa iko kwenye kuisafisha bayosafaktanti yenyewe. Maji walimokuzwa bakteria hutiwa asidi mpaka pH ishuke karibu na 2, ramnolipidi ijitenge, ikusanywe, isafishwe tena. Kwa vipodozi hakuna njia ya mkato. Kwa kusafishia mapipa ya mafuta au udongo uliomwagikiwa dizeli, usafi wa kiwango hicho hauhitajiki.

Matumizi yanayonivutia zaidi ni ya shambani. Ramnolipidi hupasua mbegu zinazoogelea za vimelea wa jamii ya Phytophthora, kwa kuwa hazina ukuta wa seli. Bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza viazi vya Uporoto na Njombe wakati wa mvua, huletwa na kimelea wa jamii hiyo. Kama ningekuwa na pipa moja la mashapo na maabara ya kunisaidia, ningeanza na jani la kiazi kabla ya shampuu.