Je, wajua kwa nini klachi "ya mashindano" inaweza kuliumiza gari la michezo la zamani?

Ingia kwenye duka la vipuri hapa Lubumbashi, sema unatafuta klachi ya gari la michezo la miaka ya 1990, na huenda ukawekewa maboksi mawili mezani. "Mukubwa, kamata hii ya mashindano, iko nguvu kupita ile," muuzaji atakwambia, na bei nayo itakuwa imeipita ile. Hakudanganyi. Klachi hiyo kweli inabana zaidi. Swali ni kama gari lako linahitaji kubanwa hivyo, na kwa magari mengi ya zamani yanayotembea mjini jibu ni hapana.

Klachi, au ambreyaji kama wengi wanavyoiita huku, huunganisha injini na giaboksi, na kuvitenganisha unapokanyaga pedali. Katikati kuna diski yenye utando wa msuguano pande zote mbili. Upande mmoja wa diski ni flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka pamoja na injini. Upande wa pili ni plato, bamba la kubana lenye springi kali. Springi inaibana diski kwenye flaiwili, na vyote vitatu vinazunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga pedali, beringi ambayo mafundi wetu huiita bute inaisukuma springi, plato inaachia, na diski inabaki huru.

Uwezo wa klachi unaweza kuukokotoa kwa kalamu. Unazidisha vitu vinne: idadi ya nyuso za msuguano (kwa diski moja ni 2), kiwango cha msuguano cha utando, nguvu ya springi, na umbali wa wastani kutoka katikati ya diski hadi kwenye utando. Tuchukue diski ya milimita 215 ambayo utando wake una wastani wa mita 0.09 kutoka katikati, msuguano wa 0.3, na springi inayobana kwa nyutoni 5,000. Jibu ni nyutoni-mita 270 (Nm), yaani nguvu ya kuzungusha ambayo klachi inaweza kuipitisha bila kuteleza. Ikiwa injini inatoa nguvu ya kuzungusha ya 200 Nm, klachi hiyo ina akiba ya zaidi ya theluthi moja. Viwanda huacha akiba ya namna hiyo makusudi, kwa ajili ya utando unaochakaa, siku za joto na dereva asiye na subira.

Hapa ndipo mji wetu unapoingia kwenye hesabu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takribani asilimia 11 kuliko ya pwani. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini) inavuta hewa pungufu, inachoma mafuta pungufu, na ile 200 Nm ya kwenye kitabu inashuka hadi karibu 178. Klachi ileile ya kawaida sasa ina akiba ya nusu nzima. Mwenye gari la aina hiyo anayenunua klachi ya mashindano analipia uwezo ambao injini yake, katika hewa ya Katanga, haitaufikia. Injini za tabo ni habari nyingine, kwa kuwa tabo hujazia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua.

Kwa hiyo usimwambie muuzaji jina la gari peke yake. Toyota MR2 ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1999, ni mfano mzuri. Kwa nje zinafanana sana, lakini yenye injini ya 3S-GE isiyo na tabo hutoa karibu 190 Nm, na yenye 3S-GTE ya tabo, katika matoleo ya Japani ya baadaye, hufika karibu 304 Nm. Hata giaboksi zao ni tofauti. Ukisema "nipe klachi ya MR2" umeuliza maswali mawili kwa mpigo, na utajibiwa lile ambalo lina kipuri dukani. Nenda na namba ya chesisi, msimbo wa injini, na ikiwezekana diski ya zamani mkononi ili muhesabu meno ya katikati na kupima kipenyo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Sasa tuje kwenye kinachoua klachi hasa. Si kasi. Ni joto la kuteleza. Kila unapoondoka kutoka kusimama, injini inazunguka na magurudumu bado, na tofauti hiyo inaliwa na utando wa diski kwa kuteleza mpaka pande mbili zilingane. Kwenye barabara tambarare, joto linalozalishwa karibu lilingane na nishati ya mwendo ambayo gari limepata hadi klachi inaposhika kabisa. Nishati hiyo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo dereva anayeondoka akiwa na mizunguko 3,000 kwa dakika anaipa klachi joto mara nne ya anayeondoka na 1,500 kwa gia ileile. Magari mengi ya michezo yana gia ya kwanza ndefu, kwa hiyo klachi huteleza muda mrefu zaidi kabla ya kushika. Weka gari hilo nyuma ya msururu wa malori ya shaba kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lisogee mita tano, lisimame, lisogee tena, uone.

Klachi ya mashindano hutengenezwa kwa hali nyingine kabisa. Badala ya utando laini unaozunguka diski nzima, nyingi zina vipande vichache vya kauri au vya unga wa metali uliookwa. Vipande hivyo vinavumilia joto kali, na vinashika ghafla, karibu bila hatua ya katikati. Kwenye uwanja wa mbio, ambako dereva anaondoka mara moja na kukimbia, hiyo ni sifa. Kwenye foleni ni adhabu: ama injini inazima, ama gari linaruka kama chura, ama dereva anajifunza kuongeza mizunguko kila anapoondoka, na tumeshaona mizunguko hiyo inazaa nini. Diski nyingi za aina hii hazina hata zile springi ndogo za katikati zinazomeza mitetemo ya injini. Bila hizo, mitetemo inakwenda moja kwa moja kwenye gia, na giaboksi iliyozeeka inaanza kugonga hata gari likiwa limesimama.

Kuna na plato yenyewe. Springi kali haiishii kukuumiza goti. Kila unapokanyaga, nguvu ya kuisukuma inapita kwenye bute na uma wake, kwenye kebo au silinda za mafuta, kisha inaisukuma krankshafti, shafti kuu ya injini, kuelekea mbele, na kinachoizuia ni beringi nyembamba tu. Kwenye injini yenye kilomita nyingi, beringi hiyo ikiisha si suala la klachi tena, ni injini nzima chini. Na kama gari lako lilitoka Japani likahamishwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto, ongeza tahadhari: pedali na silinda yake ya juu vilihamishwa pia, na si kila mara kwa vipimo vya kiwandani. Silinda yenye kipenyo tofauti hubadilisha uzito wa pedali na umbali ambao bute inasukumwa. Nimewahi kuona klachi mpya ikilaumiwa kwa gia zinazokwaruza wakati kosa lilikuwa silinda.

Je, basi chukua ileile ya kiwandani tu? Karibu kila mara, ndiyo. Ila "ya kiwandani" si neno takatifu. Porsche 944 ya miaka ya 1980 ilitoka na diski ambayo katikati yake, badala ya springi, ilikuwa na mpira. Ulimeza mitetemo vizuri, lakini mpira huzeeka hata gari likilala gereji, na ukikatika gari linabaki hapo lilipo. Kuifikia diski hiyo ni kazi ya siku nzima na zaidi, kwa sababu giaboksi iko nyuma, klachi iko mbele, na kati yao kuna bomba refu lenye shafti. Hakuna sababu ya kutafuta diski ya mpira iliyolala dukani miaka ishirini. Chukua yenye springi za chuma inayotengenezwa kwa gari hilohilo.

Magari mengine, kama Porsche 911 ya kizazi cha 964, yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi au mpira ndani yake, na diski yake kwa kawaida haina springi. Ukibadilisha kwa flaiwili ya kipande kimoja, ni lazima diski nayo ibadilike iwe yenye springi. Kuchanganya nusu ya huku na nusu ya kule ndiko kunakoleta kelele ambazo hakuna fundi atakayezipatia jina.

Mimi ningechagua hivi: utando wa kawaida, diski yenye springi, kutoka kwa watengenezaji waliokuwa wakiviuzia viwanda vya magari, kama Sachs, LuK, Valeo, Aisin au Exedy. Kama injini imeongezwa nguvu kweli, na si kwa kubandika tu bomba la kelele, tafuta plato inayobana zaidi kwa asilimia 20 hivi na ubaki na utando uleule. Katika hesabu yetu ya mwanzo hiyo inatoka 270 hadi 324 Nm, na pedali bado inakanyagika.

Kabla ya kulipa, hakikisha tatizo ni klachi. Uko gia ya nne, mwendo wa wastani, kanyaga mafuta mpaka chini: mizunguko ikipanda na gari lisipoongeza mwendo, inateleza. Lakini inaweza kuteleza kwa sababu sili ya nyuma ya krankshafti, ile pete ya kuzuia mafuta, inavuja mafuta ya injini juu ya diski, na hapo diski mpya italowa kama ya zamani. Giaboksi ikishashuka, badilisha sili hiyo, bute, na beringi ndogo ya katikati kama gari lako linayo, kwa sababu gharama kubwa ni kazi ya kushusha. Flaiwili ya kipande kimoja ichongwe iwe sawa. Na mwambie kijana wa gereji asipulize vumbi kwa kompresa: diski za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1997, na vumbi lake huharibu mapafu. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Klachi ikishafungwa, wengi hukimbilia barabara ya Likasi "kuizoesha". Safari hiyo haisaidii sana, kwa kuwa kwenye barabara ndefu unabadilisha gia mara chache na diski haipati nafasi ya kujisugua kwenye flaiwili. Utando mpya unahitaji mamia ya kuondoka na kusimama, kwa upole, bila mizunguko mikubwa. Kilomita 500 za kwenda sokoni na kurudi Kamalondo zinafaa zaidi.