Chai Haithibitishi Undugu: Kikashmiri na Kiserbia

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea daftari akiwa na uso wa mtu aliyeokota dhahabu. Ndani yake mlikuwa na maneno mawili tu: chaay la Kikashmiri na čaj la Kiserbia. Yote mawili ni chai, na yanatamkwa karibu kabisa na tunavyotamka sisi. "Mwalimu," akasema, "hizi lugha ni ndugu." Nikamwambia ni ndugu kweli, wa mbali sana, lakini chai siyo shahidi wao.

Chai ilitoka Uchina na jina lake likasafiri pamoja na majani. Lilipanda hadi Srinagar kule Kashmir, kaskazini mwa bara Hindi, likafika Belgrade kule Serbia, likashuka pwani yetu. Tukilifanya kuwa hoja, basi na Kiswahili nacho kiingie kwenye ukoo huo. Dunia ni vivyo hivyo. Wakashmiri husema duniya, na katika Kiserbia cha mashairi ya kale utakuta dunjaluk, neno walilolipata kwa Waturuki katika karne za utawala wa Osmania. Kashmir ilipokea maneno kama hayo kupitia Kiajemi, kilichokuwa lugha ya utawala huko kwa muda mrefu. Hata saa ya Mserbia, sat, ilipitia Kituruki kutoka kwenye Kiarabu kilekile kilichotupa sisi saa. Maneno ya mkopo yanaeleza nani alifanya biashara na nani, na nani alimtawala nani. Kuhusu ukoo hayasemi kitu.

Undugu wa lugha huonekana pale maneno yanapotofautiana kwa utaratibu. Chukua mia moja: Kiserbia husema sto, Kikashmiri hath. Sikio halioni uhusiano wowote. Sasa chukua kumi: deset na dah. Pale Kiserbia kina s, Kikashmiri kina h. Katikati yao simamisha Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ambacho mia ni shata na kumi ni dasha. Kikashmiri kiliigeuza sh hiyo ya kale kuwa h, wala hakikuishia kwenye hesabu. Mboga inayopendwa sana Kashmir, yenye majani mapana, jamii moja na sukuma wiki, huitwa haakh. Kwa Kisanskriti mboga ni shaaka. Mbwa, ambaye katika Kisanskriti ni shvan, Kashmir ni huun. Mia, kumi, mboga, mbwa: vitu visivyohusiana hata kidogo, na sauti imehama kwa njia ileile. Bahati haiwezi kufanya kazi kwa nidhamu namna hiyo.

Aliyekaa na Wakikuyu analijua jambo hili hata kama hajawahi kulipa jina. Sisi tunapanda mbegu, wao wanahanda. Mgonjwa wetu anapona, wao wanasema hona. P yetu ni h yao. Ndivyo ninavyowaelewesha wanafunzi wangu, na sijapata njia iliyo bora zaidi.

Jozi ninazozipenda kuliko zote ni mbili. Kujua kwa Kiserbia ni znati, kwa Kikashmiri zaanun. Uhai kwa Kikashmiri ni zuv. Mserbia akisema mtu yu hai, husema živ, na hiyo ž ni sauti ya mwanzo wa jina la Kifaransa Jean. Tazama vizuri: z moja ya Kikashmiri inakabiliana na sauti mbili za Kiserbia. Maelezo yake ni kwamba katika lugha ya kale iliyozizaa zote mbili sauti hizo zilikuwa mbili tofauti. Upande wa India ziliungana zikawa j, ndiyo maana Kisanskriti kina jaanaati kwa kujua na jiiva kwa uhai, kisha Kikashmiri kikaigeuza j hiyo kuwa z. Upande wa Waslavoni hazikuungana kamwe. Kwa hiyo mtoto wa Belgrade anayesema znam na živ anatenganisha kitu ambacho wenzao wa Asia walikichanganya zamani sana.

Ukoo wenyewe ni Kiindo-Ulaya, ule unaokusanya lugha nyingi za Ulaya na za kaskazini mwa India. Kiserbia kimo katika tawi la Kislavoni la Kusini. Kikashmiri, ambacho sensa ya India ya mwaka 2011 iliwahesabu wasemaji wake kuwa takriban milioni 6.8, kimo katika tawi la Kiindo-Arya, lile la Kisanskriti na Kihindi, kwenye kundi linaloitwa Kidardi.

Sasa weka sentensi nzima mezani. Mkashmiri anayejitambulisha husema Myon naav chhu, kisha jina lake. Mserbia husema Moje ime je, kisha jina lake. "Langu jina ni", neno kwa neno. Myon na moje zimeanza kwa m ileile ya kale ya nafsi ya kwanza, naav na ime ni neno moja lililochakaa kwa namna mbili, na chhu na je hazina mzizi mmoja. Ila mpangilio huo usikudanganye. Kihindi, jirani wa Kikashmiri, hupeleka kitenzi mwisho: mera naam, jina, halafu hai. Kikashmiri ndicho kilichojitenga na majirani zake kwa kukiweka kitenzi nafasi ya pili, kama Kijerumani. Bɨ chhus batɨ khyavaan, "ninakula wali": chhus imekaa ya pili, na kitendo chenyewe kinangoja mwisho. (Batɨ ni wali hasa, si mchele. Nilipolijua hilo nilijisikia nyumbani.) Katika Kiserbia kanuni ya nafasi ya pili haikibani kitenzi kikuu, inavibana vijineno vifupi visivyo na mkazo. "Jana nilimwona" ni Juče sam ga video. Ondoa jana, inakuwa Video sam ga. Sam na ga haviwezi kuanza sentensi.

Video husema mwanamume. Mwanamke husema videla, kwa kuwa kitenzi kinamfuata mtendaji. Kikashmiri wakati uliopita hufanya kinyume: umbo la kitenzi hufuata kile kilichotendwa, na mtendaji hubandikwa mwishoni. Korum, nilifanya, koruth, ulifanya, korun, alifanya, korukh, walifanya. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushangaa kwamba neno moja limebeba sentensi. Atashangaa tu kwamba nafsi imekaa mkiani.

Kwenye matamshi, Kiserbia kitakupokea kwa urahisi: irabu tano, a e i o u, kama zetu. Kikashmiri kitakutesa kidogo. Hiyo ɨ niliyoiandika, sema "i" kisha rudisha ulimi nyuma bila kuviringa midomo. Na kuna ts, ambayo lugha zote mbili zinayo. Waserbia huiandika ц au c, kwa sababu wana alfabeti mbili na wanasoma zote. Wakashmiri waliichukua ژ ya Kiajemi, ambayo kwa Waajemi ni ž, wakaipa kazi ya ts.

Yule kijana alirudi wiki iliyofuata. Chai ilikuwa imekatwa kwa mstari, na chini yake ameandika nov na nov. Kwa Kikashmiri, "-pya". Kwa Kiserbia, "-pya". Aliniangalia kwa wasiwasi, akingoja nimwambie kwamba ni chai nyingine. Siyo. Hili ni neno la urithi pande zote mbili. Kisanskriti kilisema nava, na mzizi ni mmoja. Kilichotokea kwa bahati ni kule kufanana herufi kwa herufi, maana kila lugha iliifikia o hiyo kwa safari yake yenyewe. Waserbia wana mji wa Novi Sad kando ya Danube. Wakashmiri, theluji ya kwanza ya mwaka inapoanguka, hupongezana: nov sheen mubarak. Sheen ni theluji. Mubarak, kijana alilijua bila kuniuliza, na akaliweka mwenyewe upande wa chai.