Kivuli kwenye chaneli 16

Tuchukue stesheni ya FM inayorusha kwa 93.2 MHz hapa Mtwara mjini. Eksaita yake, yaani kifaa kinachotengeneza wimbi la redio kabla halijakuzwa, ni ya kidijitali: wimbi linatengenezwa moja kwa moja na DAC mbili zinazopokezana, kila moja ikitoa sampuli milioni 250 kwa sekunde. Toa 93.2 kwenye 250, unabaki na 156.8. Aliyewahi kushika redio ya VHF pale bandarini anaijua namba hiyo. Ndiyo chaneli 16, ya kuitana na kuomba msaada baharini, dunia nzima. Namba nimezichagua makusudi zigongane hivyo, lakini hesabu haijali nani amechagua nini.

DAC ni kigeuzi cha namba kuwa umeme. Hata simu yako inayo, ndiyo inayokupa sauti. Hii ya eksaita ni ile ile iliyoongezwa kasi mara elfu tano hivi. DAC moja peke yake inatupa kivuli cha wimbi, yaani nakala yake isiyotakiwa, pale 156.8, na hilo halikwepeki. Ukiweka mbili zipishane kwa nusu mzunguko, yaani nanosekunde 2, kila moja bado inatupa kivuli chake, ila cha hii kinapanda wakati cha ile kinashuka, vinafutana. Ni akina mama wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili: mmoja akichelewa kidogo tu, utasikia mlio umeanza kuchechemea.

Kuchelewa kwenyewe ni kudogo mno. Uwiano wa kivuli kwa wimbi ni pai, mara masafa ya wimbi, mara muda uliopotoka. Pikosekunde 10 kwa 93.2 MHz zinakupa 0.0029, sawa na desibeli (kipimo cha uwiano wa nguvu) 50.7 chini ya wimbi. Kwenye bodi ya kawaida, pikosekunde 10 ni milimita moja na nusu ya njia ya shaba. Aliyechora bodi akiizungusha njia moja ya kloki, yaani mapigo yanayoipa DAC zamu yake, ili ikwepe tundu la skrubu, kazi imeshaharibika.

Vijana wengi wanaokuja kujifunza wakishaambiwa hivyo wanakimbilia rejista ya ucheleweshaji, ile namba ndani ya chipu inayopanga DAC moja ichelewe kiasi gani. Wanapandisha hatua moja moja huku macho yakiwa kwenye spektramu analaiza, kipimo kinachoonyesha nguvu kwenye kila masafa, kivuli kinashuka, kinashuka, halafu kinagoma. Hapo ndipo maneno yanapoanza: eti chipu ni feki, eti kifaa kimechoka.

Chipu haina kosa. Kinachogoma ni kosa la pili lililokaa kwenye masafa yale yale: DAC mbili hazitoi nguvu sawa. Tofauti ya nusu asilimia tu kati ya gaini zao, yaani ukuzaji wa kila moja, inaacha kivuli cha kama desibeli 56.6 chini ya wimbi. Na makosa haya mawili yamepishana kwa nyuzi 90, kwa hiyo huwezi kulifuta moja kwa kulichokoza jingine. Ukisogeza muda hadi kesho, kivuli cha gaini kitakusubiri pale pale.

Mimi sitafuti bonde, yaani pale kivuli kinapokuwa chini kabisa, kwa kupapasa. Nazima muziki, naacha wimbi tupu, napima kivuli kwenye mipangilio mitatu ya ucheleweshaji iliyoachana sawasawa, basi. Tuseme hatua moja ni pikosekunde 1, na usomaji kwenye 0, 8 na 16 ni −49.7, −55.9 na −52.8. Kabla ya chochote, desibeli hizo zirudishwe kuwa nguvu: 10.72, 2.57 na 5.25, zote kwa sehemu milioni ya nguvu ya wimbi. Nguvu ya kivuli dhidi ya muda ni parabola, na parabola inahitaji nukta tatu tu. Kitako chake kinaangukia 10.02. Ukipitisha mchoro huo kwenye desibeli zenyewe utapata 9.3, kwa sababu kwenye desibeli bonde lina ncha kali, si parabola hata kidogo. Kadiri gaini zinavyokaribiana ndivyo ncha inavyozidi kuchongoka na jibu la mkato kuzidi kudanganya.

Parabola hiyo hiyo inakupa zawadi nyingine. Kina cha kitako, hapa −56.5, ndicho kivuli cha gaini. Basi weka ucheleweshaji kwenye 10, hamia kwenye rejista ya mkondo wa DAC mojawapo, inayopandisha na kushusha gaini yake, rudia nukta tatu. Ukimaliza, kinachobaki kinatokana na ukubwa wa hatua zako. Kwa hatua ya pikosekunde 1 hukosei zaidi ya nusu yake, na nusu hiyo ni kivuli cha desibeli 76 na ushee chini ya wimbi. Chujio la baada ya hapo litakimudu.

Sasa joto letu. Ucheleweshaji ndani ya chipu hubadilika na joto, ila DAC mbili zikipata joto sawa zinachelewa pamoja na hakuna anayeumia. Shida ni pale moja inapokaa jirani na regyuleta ya umeme na nyingine iko pembeni. Na kwenye stesheni nyingi, umeme ukikatika jenereta inabeba mtambo lakini haibebi kiyoyozi (AC). Chumba kinapanda joto, regyuleta inachemka, pengo la muda kati ya DAC linarudi. Kwa hiyo kalibresheni ya meza ya karakana, mfuniko wazi na feni inapuliza, siiamini. Ifanyie kwenye raki yake, mfuniko umefungwa, mtambo umeshachemka. Kisha zima AC, subiri joto lipande, upime tena. Majibu yakitofautiana, hifadhi mipangilio miwili na uiache sensa ya joto kwenye bodi ichague.